Nzi wa Jumanne

Maabara, 11 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako imenifikia na doa la sabuni kwenye kona, nikajua imetoka kwako hata kabla ya kuifungua. Mimi sijambo, isipokuwa shingo, maana kutwa nimeinamia hadubini. Mwambie Mama soksi nimezipata, na kwamba miguu yangu haijawahi kuwa mikubwa kiasi hicho. Ananiambia simu sasa huisikii kabisa, ukipewa unajibu "ndiyo, ndiyo" kwa kila kitu, na wiki iliyopita umemkubalia mtu wa bima. Basi tuandikiane tu.

Umeuliza kama ni kweli nimeacha nyumbani nikaja huku kote kwa ajili ya nzi. Ni kweli. Ni wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka tunda lililoiva kupita kiasi. Joto likimzidi nzi, ndani ya seli zake mambo yanaanza kufumuka. Protini, yaani vile vitu vinavyofanya karibu kazi zote za mwili, zimekunjwa kwa mkunjo maalumu kama mashuka ya hospitali mnayofua huko kwenu, na joto kali linazikunjua zikagandamana ovyo. Seli ikihisi taabu hiyo inatoa ujumbe. Wa kwanza anaupokea, anampa wa pili, wa pili anampa wa tatu, mkono kwa mkono mpaka kwenye kiini, na huko inatoka amri: waleteni wakunjaji. Hao nao ni protini. Kazi yao ni kuzishika zilizofumuka na kuzikunja upya.

Mimi nina nzi ambao mmoja kwenye mstari ule wa kupokezana hayupo. Wakiwa kwenye hali yao ya kawaida huwezi kuwatofautisha na wenzao. Wanakula, wanaoana, wanagombana. Ukizamisha chupa yao kwenye maji ya nyuzi thelathini na nane, dakika ishirini tu wako chali, na wenzao bado wanapanda ukuta. Hiyo ndiyo kazi yangu ya miaka mitatu. Mkuu wa maabara, yule mama tunayemwita Mizani kwa sababu halipiti neno asilolipima, ameshaitangaza mbele ya wakubwa wenzake. Mwenzangu wa meza ya jirani, Mrefu, ameacha utafiti wake wa mwanzo ili ajenge juu ya wangu. Mwisho wa Juni makala yetu inakwenda jaridani, jina langu likiwa la kwanza. Ikipita, nafasi yangu hapa ni ya kudumu.

Mwambie Mama, lakini polepole, asije akatangaza sokoni.

Mpwa wako

*

Chumba cha boila, 2 Februari

Mwanangu, mchunga nzi,

Marahaba. Umechelewa, mama yako ameshatangaza. Hata muuza vitunguu ameniuliza nyuzi thelathini na nane ni nyingi au chache.

Huku hatujambo. Boila linanguruma, mashuka ya hospitali yanakuja na madoa ambayo nikiyasimulia hutakula mchana. Mama yako mzima. Ule mkono wake wa kulia unakaza asubuhi zenye baridi, kama unavyokaza tangu siku ya mvuke, lakini nani atamwambia apumzike? Kila Jumamosi bado ananiletea shati langu la wiki, limenyooka hata naogopa kukaa. Nimemwambia mimi mtu wa moto na masizi, shati la nini. Anasema mtu aliyemtoa kwenye mvuke kwa mikono yake hatavaa makunyanzi yeye akiwa hai. Na kile cheti changu cha ushujaa amekibadilishia fremu tena. Hii ya sasa ina maua.

Barua yako niliwasomea watu wa chumba cha kukunjia. Wamefurahi sana kusikia kwamba hata ndani ya nzi kuna wenzao. Mmoja kauliza kama hao nao wanakatwa mapumziko ya chai. Mimi niliuliza moyoni kitu kingine: huyo anayepokea ujumbe akaukalia, asimpe wa pili, huwa anajua alichofanya? Usinijibu. Ni maswali ya mzee mwenye muda mwingi mbele ya moto.

Miaka yote hii nimewapiga nzi kwa gazeti, kumbe naua shule. Nisamehewe.

Mjomba wako

*

Maabara, 4 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Wasalimie wakunjaji, waambie wa kwenye nzi hawana chai kabisa. Baridi huku imepungua. Soksi nimempa Mrefu, zimemkaa.

Nina jambo, na hili usimsomee mtu.

Kabla ya kuwapima nzi lazima niwachague mmoja mmoja chini ya hadubini, na nzi hatulii mpaka umpulizie gesi ya kumlaza. Analala, unamchagua, anaamka. Sheria ya kazi yetu ni kwamba ukimlaza nzi leo, unampima kesho, ili gesi imtoke mwilini. Kila mtu hapa anaijua. Wale wazima wapo tele, kwa hiyo nilikuwa nawachagua Jumatatu na kuwapima Jumanne. Lakini hawa wangu wanazaliwa wachache. Jumatatu napata sita, saba. Nikawa nangoja watakaotoka usiku, nawachagua wote pamoja Jumanne saa mbili asubuhi ili idadi itimie, na saa nne wako kwenye maji moto. Nilijiambia saa mbili zinatosha. Baadaye hata kujiambia niliacha, ikawa mazoea.

Mwezi uliopita beseni la maji moto liliharibika siku ya Jumanne, fundi akaja Jumatano. Nikawapima Jumatano. Mjomba, hawakuanguka. Walidumu sawasawa na wenzao. Nikahesabu tena, nikadhani nimebadilisha vibandiko vya chupa. Sikuwa nimebadilisha.

Huenda miaka mitatu sijapima joto wala ujumbe. Huenda nimepima ulevi wa gesi tu.

Mizani hajui. Mrefu hajui. Juzi Mrefu kanionyesha mchoro wake mpya, amechora ujumbe wangu kwa wino mwekundu katikati ya karatasi, na mimi nikamwambia umependeza. Naogopa. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako

*

Chumba cha boila, 22 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako mzima, anakusalimu. Mvua imeanza, paa la chumba cha kukaushia linavuja palepale linapovuja kila mwaka, na msimamizi anashangaa palepale anaposhangaa kila mwaka.

Kuhusu lile. Nimelisoma mara tatu, halafu karatasi nimeitia motoni, mtu mwingine asije akaisoma.

Hakuna aliyekufa. Ni nzi. Wewe umeona, wewe peke yako, siku moja, kwa bahati ya beseni bovu. Nani mwingine ataona? Funika kombe mwanaharamu apite. Kuna watu nyuma yako wanaokutegemea, mama yako kwanza, na furaha yake siwezi kukueleza, hata mkono anasema umelegea. Utakwenda kumwambia nini? Maji yakimwagika hayazoleki, na haya bado yako kwenye ndoo, usiipige teke mwenyewe.

Kaa kimya, fanya kazi nzuri kuanzia sasa. Mtu anaweza kuishi hivyo. Anazoea.

Mjomba wako

*

Maabara, 5 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na poleni na paa.

Barua yako nimeisoma nikageuza bahasha kuona kama kweli imetoka kwako. Ni wewe uliyenisimamisha kwenye kiti, nina miaka saba, ukanikunjulia shuka zima kwa sababu kona moja ilipishana na nyingine upana wa kidole. Nililia. Ukasema, "Mgonjwa haoni kona, lakini wewe umeiona." Leo unaniambia nifunike kombe?

Umesema hakuna aliyekufa. Mrefu ana miaka mitatu mbele yake ataitumia kujenga juu ya hewa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu si wangu peke yangu.

Sijamwambia mtu bado. Usidhani mimi jasiri. Ila nimeanza kupima upya, kwa siri, siku ambazo Mizani ana mikutano. Safari hii makundi manne: wazima na wangu waliopumzishwa siku nzima, wazima na wangu waliolazwa asubuhi ileile. Nikimaliza nitajua.

Nikiwangoja huwa nakumbuka boila lenu. Mama alinisimulia kwamba siku ile mvuke ulipopasua bomba, filimbi ya hatari haikulia kwa sababu ilikuwa mbovu, na wakaguzi wakaandika hivyo. Ndivyo ninavyowaelezea wageni nzi wangu: boila zima, moto upo, maji yapo, ila filimbi haifikishi habari. Wanaelewa mara moja. Nilitaka ujue kwamba hata huku kazi yako inafundisha watu.

Usinikasirikie. Nijibu.

Mpwa wako

*

Maabara, 14 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Mama anasema u mzima, unakula, unakwenda kazini, ila umekuwa mtu wa kuinamisha kichwa. Kama ni yale maneno ya shuka na kona, nimeyasema kwa uchungu, nisamehe.

Nimemaliza kupima. Waliopumzishwa, wazima na wangu, wameanguka dakika ileile. Waliolazwa asubuhi, wazima na wangu, wameanguka mapema, wote pamoja. Ile kazi ya kupokea ujumbe niliyomsingizia mpokeaji wangu aliyekosekana, hanayo. Njia nyingine za ujumbe zipo nyingi, wenzetu wamezithibitisha vizuri, nzi anapambana na joto, njaa na ukame kwa njia hizo kila siku. Mpokeaji wangu huyo tu ndiye hakuwa na habari.

Nimeyaandika yote kwenye daftari la pili, nalifungia kabatini chini ya makoti. Mizani leo kanisomea sentensi ya kwanza ya makala kwa sauti, akaniuliza kama neno "bila shaka" limezidi. Nikasema liko sawa. Nimerudi chumbani nikaliongezea daftari koti jingine juu.

Nahitaji barua yako, hata ya matusi.

Mpwa wako

*

Chumba cha boila, 9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Sijakasirika. Nimeandika barua nne, zote zimeingia motoni. Hii nitaipeleka posta kabla sijaisoma tena.

Filimbi haikuwa mbovu.

Wakati ule ilikuwa inalia kila asubuhi presha ikipanda kidogo, inalia dakika kumi, watu wa ofisini wanapiga kelele, msimamizi anakuja juu. Nikakata kipande cha taulo nikaiziba. Nilisema nitakitoa saa sita. Nilikitoa, nikakirudisha kesho yake, na kesho yake, mpaka ikawa mazoea, kama ulivyoandika wewe kwenye barua yako ya Machi. Uliposema "hata kujiambia niliacha" niliiweka chini barua nikatoka nje.

Siku ile mama yako alikuwa anapita na kapu la mashuka. Bomba likapasuka usawa wa mkono wake. Ni kweli nilimtoa. Hilo sikudanganya. Lakini kabla sijamtoa, mwanangu, nilinyoosha mkono kwanza nikakichomoa kile kitambaa nikakitia mfukoni. Yeye akiwa analia. Sijui ni muda gani, kama pumzi mbili hivi. Miaka kumi na tisa nazihesabu pumzi hizo mbili.

Sikio langu la kulia liliondoka palepale, la kushoto likafuata taratibu. Watu nimewaambia ni kelele za mashine. Cheti nilipewa mwezi uliofuata, mama yako akapiga makofi kwa mkono mmoja kwa sababu mwingine ulikuwa umefungwa bandeji.

Basi ule ushauri niliokupa ndio pekee ninaoujua. Nilikuambia mtu anazoea. Hazoei. Anavaa shati lililopigwa pasi na ule mkono kila wiki, anasema asante.

Usimwambie. Ni la kwangu. Na lako ni la kwako, mimi sina tena haki ya kukushauri kitu.

Mjomba wako

*

Maabara, 28 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Sijui niandike nini kuhusu barua yako, kwa hiyo sitaandika. Siwezi kusema nimekusamehe, mkono si wangu. Umesema nisimwambie Mama. Sijamwambia. Jumapili alinipigia simu akakusifia dakika kumi, nami nikajibu "ndiyo, ndiyo" kama wewe.

Jumatatu nilichukua daftari la pili chini ya makoti nikaliweka mezani kwa Mizani. Nikamwambia, "Mama, kazi yangu ni mbovu, na nimejua." Alisoma kurasa zote bila kuinua uso. Nilidhani atauliza kuhusu gesi. Aliuliza kitu kimoja, "Umejua tangu lini?"

"Tangu Februari."

Akavua miwani. "Kosa la Jumanne kila mtu angeweza kulifanya. Mimi mwenyewe ningeweza. Lakini Mei ulikaa kwenye kiti hicho ukaniambia neno 'bila shaka' liko sawa."

Makala imeondolewa. Mkataba wangu unaisha Desemba na hakuna aliyesema utaendelea, wala sijauliza. Mrefu amehamishia chupa zake meza ya mbali. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Zile soksi za Mama zilikuwa juu ya kiti changu leo asubuhi, zimefuliwa, zimekunjwa.

Nimelala jana usingizi wa kweli, lakini nimeamka nalia. Sijui kama ni nafuu.

Mama bado anatangaza sokoni. Nitamwambia mwenyewe nikija Desemba, sitaki aipate kwa simu. Ila siwezi kumtazama usoni nikiungama la kwangu huku la kwako nimelificha mdomoni. Una miezi sita.

Mpwa wako

*

Chumba cha boila, 25 Agosti

Mwanangu,

Marahaba. Mvua zimekwisha, paa halijazibwa, msimamizi ameacha kushangaa.

Sikungoja miezi sita. Barua yako ilifika Ijumaa, Jumamosi mama yako alikuja na shati, nikamwambia akae. Hakukaa. Nikamwambia akiwa amesimama mlangoni, mfuko bado mkononi. Niliongea kwa sauti kubwa, maana sijisikii mwenyewe, nadhani hata chumba cha kukunjia wamesikia. Sikuficha hata zile pumzi mbili.

Alinitazama. Midomo yake ikasogea, nikamwomba arudie, akaja karibu na sikio la kushoto akasema, "Kitambaa kilikuwa cha rangi gani?"

Nikasema cheupe, chenye mstari wa bluu.

Akasema, "Lile taulo nililitafuta siku zile." Akaweka mfuko chini akaondoka.

Cheti nimekishusha. Fremu ya maua nimemrudishia kupitia kwa jirani. Nyumbani kwake nimekwenda mara tatu, mlango uko wazi, ananiwekea maji ya kunywa, anaendelea na kazi zake kama mtu aliye peke yake. Simlaumu. Kula siwezi kusema nakula vizuri.

La kwako sijamgusia. Lakini nilipokuwa namweleza ni nani aliyenifanya niseme, nilitaja jina lako la utotoni, na hapo tu uso wake ulibadilika kidogo. Sijui maana yake. Nimekuandikia uijue.

Mashati yangu yalikoma kuja. Jumamosi ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, mpaka ya sita. Nilifua mwenyewe, nikavaa yakiwa kama yalivyotoka kwenye kamba, na hapa kazini hakuna aliyeuliza.

Jumamosi hii nimekuta mfuko mlangoni, yeye hakuwepo. Ndani mna shati langu la kijivu. Limekunjamana lote, kola, mgongo, mbele, halijaguswa. Mkono wa kulia tu ndio umepigwa pasi, kuanzia begani mpaka kwenye kifungo, mstari mmoja ulionyooka.

Leo nimelivaa hivyohivyo kuja kazini.

Mjomba wako